Nilijaza Kishima Yangu na Mayi ya Jirani

Basomaji, kosa iko yangu, bibi yangu wa ndoa hakukosa kitu. Ninaficha jina langu juu bantu ba huku Ruashi bangali banacheka nikipita.

Nilikuwa karani mu magazini moja, duka kubwa ya mu mji. Tulipopata lupango, kiwanja yetu wenyewe, nikataka kuchimba kishima, Albertine bibi yangu asipange tena mulongo ku robinet, bomba ya bantu bote. Nikamwita Kabwe, muchimbaji. Yeye alilipwa kwa kila metre. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua mingi, na ku metre saba tu mayi ikatoka.

"Bwana karani," Kabwe akasema kutoka mule chini, "hii iko mayi ya mvua. Unipe metre tano ingine, nifike ku jiwe."

"Weye unatafuta franga tu. Panda."

Akapanda, akapanguza bulongo ku mikono, akaenda zake.

Mimi nikaanza kujisifu. Nikamwandikia baba mukwe ku Kasai kama kishima yangu iko na metre kumi na mbili, haikauke hata siku moja. Mwezi wa munane akajibu: anakuja kuiona. Na ile wakati kishima ilikuwa inatoa ndoo mbili ya asubui, kiisha matope.

Siku ya Mungu ya kufika kwake, Albertine akaenda misa, apitie ku gare ya treni kumupokea baba yake. Nikamudanganya kama tumbo inaniuma. Jirani yetu Mama Véro, mujane mwenye kufulia bantu nguo, naye alikuwa ku misa. Nikaingia mu lupango yake, nikachota mu kishima yake ya murefu, nikamwaga mu kishima yangu. Nikachota tena, mpaka mabega ikakufa ganzi.

Baba mukwe akafika. Akashusha ndoo, ikapanda imejaa, akakunywa, akasifu. Nikapumua. Akashusha tena, juu ya kunawa. Ikapanda na matope. Bulongo ilishakunywa yote.

Mbele nifungue kinywa, Mama Véro akaingia.

"Nani amemaliza mayi yangu? Kesho nitafula nguo ya bantu na nini?"

Albertine akatazama suruali yangu, mayi na bulongo mpaka ku magoti. Baba yake ndiye alisema, pole pole:

"Mukwe wangu, kwetu tunatoa mayi mu kishima. Kumbe huku munaimwaga ndani."

Juma nzima nilipanga mulongo ku robinet na bamama, nikibebea Mama Véro mayi ya kufulia. Bamama, benye Albertine aliambia ku misa kama niko mugonjwa, banauliza kama tumbo imepona. Kabwe alikubali kurudi kiisha nimeomba musamaha, na alinitoza zaidi, juu mayi yenye nilimwaga ilibomoa kingo. Ku metre kumi na mbili, pa jiwe, mayi ya kweli ikatoka. Kama ningemuacha achimbe ile siku ya kwanza, ningelipa nusu.

Siku tatu Albertine alipikia baba yake tu, mimi nikajipikia. Ya ine akaniwekea chakula, akasema: "Kula, tumbo isikuume tena."

Weye unayetaka kuchimba, ngoja mwisho wa kiangazi, na muchimbaji akisema bado, umuache achimbe. Na baba mukwe akiuliza kishima iko na metre ngapi, umupe kamba, apime mwenyewe.