Siku Niliyosimama kwa Heshima ya Sabuni

Harufu ya sabuni ya mche hunirudisha kijijini kwetu Ulemo, mwaka ule duka la ushirika lilipofungwa na jengo lake kukodishwa kwa tajiri mmoja kutoka mjini. Kabla yake sabuni ilikuwa kitu cha kusikia tu. Ikija ya mgawo, mama aliikata vipande vidogo akavificha sandukuni. Ghafla zikapangwa mpaka darini, na harufu ikatupokea tukiwa bado barabarani. Wakubwa walisema sasa kila kitu ruksa. Mimi nilikuwa na miaka minane, wala sikuelewa ni nani aliyekuwa amekataza.

Mbele ya duka palikuwa na mlingoti. Zamani, asubuhi na jioni, mgambo wetu Mzee Mkumbo alipuliza filimbi, akapandisha au kushusha bendera ya taifa, na kila mtu akasimama pale alipo: mwenye ndoo kichwani, mwenye baiskeli, mchungaji. Ng'ombe tu ndio walioendelea na safari. Shuleni tulifundishwa kwamba kijani ni mimea, njano ni madini, buluu ni maji, na nyeusi ni sisi wenyewe. Niliamini, ingawa kiangazi chetu hakikuwa na kijani wala maji, na baba alikuwa Sekenke akichimba hayo madini bila kuyaona. Husemwa bendera hufuata upepo. Yetu ilifuata ofisi ya kijiji ilipohamishwa, mlingoti ukabaki. Tajiri akatundika hapo kitambaa cha kutangazia sabuni, cha kijani na njano, akamwajiri Mzee Mkumbo yuleyule kuwa mlinzi.

Mama aliposhikwa na uchungu tulikuwa wawili tu nyumbani. "Kimbia kamwite Mama Zainabu," aliniambia, ameshikilia mlango. "Usisimame popote." Mama Zainabu ndiye aliyekuwa mkunga wetu, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya duka. Nilikimbia. Wingu la mvua lilikuwa limetia giza kama jua limezama, na Mzee Mkumbo alikuwa anakiwahi kitambaa cha tajiri kisilowe. Kabla ya kushika kamba, akapuliza filimbi. Mazoea yana taabu. Miguu yangu ilisimama yenyewe, mikono ikanyooka ubavuni. Watu waliokuwa wakitoka mashineni na unga wao nao wakasimama. Kichwani nilikuwa na sauti ya mama na sauti ya filimbi, nikashindwa kujua ipi ni amri kubwa. Mzee alishusha polepole, akakunja pembe kwa pembe, kama zamani.

Tajiri alitoka dukani akicheka. "We mzee, hiyo ni sabuni tu!" Watu wote wakaangua kicheko. Mzee Mkumbo hakucheka. Alikitazama kitambaa mikononi mwake, kisha akaniona mimi, bado nimekakamaa. "Na wewe mtoto, unakwenda wapi?" Ndipo nilipoanza kulia. "Mama anajifungua." Alikiacha kitambaa kikaanguka chini, akanishika mkono, tukakimbia pamoja mpaka kwa Mama Zainabu.

Tuliporudi nyumbani na mkunga, tulimkuta mama sakafuni, peke yake, mdogo wangu Yohana amefungwa kwenye khanga, kitovu hakijakatwa. Wote wazima, namshukuru Mungu. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Ulisimama?" Nikasema hapana. Niliona aibu, na ningemwambia nilisimama kwa ajili ya nini? Alifariki miaka mingi baadaye bila kuujua ukweli.

Sasa mimi na Yohana tunaishi mjini, Mandewa. Juzi jioni tulikuwa tunapita karibu na ofisi moja ya serikali wakati bendera inashushwa, na safari hii ilikuwa bendera ya taifa kweli. Wengine walisimama, wengine waliendelea kuongea na simu, bodaboda zikapita. Mimi nilisimama, na hata sasa sijui kama naiheshimu nchi yangu au bado naiogopa filimbi ya Mzee Mkumbo. "Dada, twende bwana, tunachelewa," Yohana akasema, akanivuta mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitembea bendera ikiwa bado haijafika chini. Tulipovuka barabara nikamwambia, "Yohana, siku uliyozaliwa, nilisimama."