Meza ya Baba na Miguu ya Mama

Utepe wa mashine ya kuchapia una harufu yake: mafuta kidogo, wino kidogo, na kitu kama chuma kilicholala kwenye unyevu. Kwetu Bulengera, pale Butembo, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa mikaratusi na ukungu wa asubuhi, ule unaoingia nyumbani bila kubisha hodi na kukaa kwenye viti kama mgeni aliyezoea. Mimi niliijua harufu hiyo kutoka chini. Nilikuwa mtoto wa chini ya meza. Wenzangu walikuwa na uwanja, mimi nilikuwa na miguu minne ya mbao nyekundu, giza la kahawia, na juu ya kichwa changu mvua ya herufi, tak-tak-tak, kisha kengele ndogo, kisha mstari mpya. Nililala humo, nikala viazi vyangu humo, na mpaka leo nikisikia mvua ya kwanza ikigonga bati, mwili wangu hujikunja wenyewe kama unatafuta mahali pa kuingia.

Baba yangu alikuwa dactylo, ndivyo tunavyomwita mtu wa kuchapa barua. Alikuwa mrefu kupita milango yetu, na alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Meza hiyo alitengenezewa na kaka yake, Papa Muhindo, fundi seremala, kwa mbao ya libuyu iliyotoka msituni upande wa Beni. Papa Muhindo hakuwa mtu wa kubahatisha. Alimkalisha Baba kwenye kiti, akamwambia aweke mikono kana kwamba anachapa, halafu akashusha uzi kutoka kwenye kiwiko mpaka sakafuni na kuufunga fundo. Meza ya dactylo ni kama suruali, alikuwa akisema, huwezi kumvalisha mtu ya jirani. Ndiyo maana nilipoangalia kutoka kule chini, niliona nyayo mbili kubwa zimekanyaga sakafu zote, kisigino na vidole, magoti yamepinda sawasawa, na viatu vimetulia kama ng'ombe waliolala. Nilidhani watu wote wanaochapa wanakaa hivyo.

Kisha vita vilifika hata kwenye utepe. Ilikuwa ile miaka ambayo leo barabara ni ya hawa, kesho ni ya wale, na sisi watoto tulijua sauti za magari kabla ya kujua majina ya wenye magari. Utepe wa wino ukakosekana Butembo. Baba akasema anashuka Beni mara moja, kuna mfanyabiashara wa mtaa wa Bungulu huko anayemjua, atarudi na utepe na karatasi. Alivaa koti lake la kazi, akaingiza kiti chini ya meza vizuri, akanikuta humo na kunigusa pua. Siku ile ile barabara ikafungwa. Ilipofunguliwa, waliopanda kutoka Beni walileta mafuta ya mawese na habari za kila aina, lakini Baba hawakumleta. Mmoja alisema amemwona sokoni. Mwingine alisema wenye silaha walikusanya wanaume njiani na kuingia nao msituni. Mama aliwasikiliza wote, akawapa chai wote, na hakumwamini hata mmoja.

Watu waliendelea kuja na kazi zao. Mchungaji alitaka barua zake, wafanyabiashara wa kahawa walitaka karatasi zao za njiani, na bila kazi hiyo sisi tusingekula. Mama alikuwa amejifunza kuchapa kwa kumtazama Baba, na zamani kidogo kwenye shule ya misheni. Akakuta utepe mkuukuu, akaugeuza, akavuta kiti na kukaa. Sasa niwaambie Mama yangu alikuwa mtu wa kimo gani: mtungi ulipowekwa kwenye kabati la juu, aliniita mimi nipande juu ya mgongo wake. Akikaa kwenye kiti cha Baba, meza ilimfika karibu na kwapa. Alichapa mabega yakiwa yameinuka mpaka masikioni, viwiko hewani, shingo imeingia ndani kama kobe. Na kule chini kwangu, nyayo kubwa zilizotulia hazikuwepo tena. Kulikuwa na miguu miwili midogo inayoning'inia, haijui iende wapi, na kufika saa ya chakula ilikuwa imevimba.

Sikufikiri sana. Nilijikunja kama mbuzi, nikaiweka ile miguu mgongoni mwangu. Kule juu mashine ikaendelea. Hakuna mtu aliyeniomba, na hakuna aliyenishukuru, ikawa hivyo tu. Nilikuwa nikisikia maneno kupitia nyayo zake: herufi nyepesi zilikuja kama kujikuna, na mwisho wa mstari alinisukuma kidogo kwa kisigino. Nilisinzia hivyo mchana mzima, vumbi la jua likicheza kati ya miguu ya meza, na mara nyingine sikujua kama Baba amerudi au ninaota, maana uzito ulikuwepo mgongoni na kengele ilikuwa ikilia.

Lakini mwili haudanganywi. Mvua zilipoanza, Mama akawa haamki mpaka ajigeuze upande na kujisukuma kwa mkono. Halafu mkono wenyewe ukaanza kufa ganzi, kwanza vidole viwili, kisha kiganja. Asubuhi moja kikombe kilimtoka mkononi, kikavunjika, akabaki anautazama mkono kama ni wa mtu mwingine. Siku hiyo hakuchapa. Kesho yake pia hakuchapa. Tulikula maharage yaliyoongezwa maji mpaka yakawa mchuzi mtupu, na mimi niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki, kwa sababu bunduki zilikuwa za kule barabarani na mkono huu ulikuwa wa nyumbani.

Papa Muhindo alikuja na msumeno wake umefungwa kwenye gunia. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Alikuwa amemwonea Mama huruma, na pia nadhani hakuvumilia kuona meza yake nzuri ikimwumiza mtu.

"Mama Masika," alisema, "tuikate tu. Pale kwenye miguu, kidogo tu. Meza hii inakuua."

Masika ni mimi, mtoto wa kwanza. Mama alikuja akasimama kati yake na meza.

"Hapana kata."

"Lakini sikia kwanza. Mukono yako imekufa, batoto watakula nini?"

"Nimesema hapana. Meza iko ya Papa Masika. Akirudia, atakaa wapi?"

Papa Muhindo alitazama sakafu. Kulikuwa na majirani mlangoni, na wote walijua anachotaka kusema na wote walijua hatakisema. Kwetu, nguo za mtu aliyepotea hazigawanywi na kitanda chake hakihamishwi mpaka kuwe na habari. Kukata meza ilikuwa sawa na kuvaa nguo za msiba. Baadhi ya watu walishaanza kumtazama Mama kwa macho ya msiba, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu.

"Atarudia," alisema Mama. "Miye njo nitapanda. Meza haitashuka."

Na akapanda. Siku hizo, mkono ukiwa umelala, alikuwa akienda shambani na wanawake wengine, maana kichwa kilikuwa bado kinabeba. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, na mkanda wake unapita kwenye paji la uso. Kila mmoja ana mkanda wake wa urefu wake, haazimi wa mwenzake, kwa sababu mkanda ukizidi kidogo tu mzigo unashuka na kukukalia kiunoni vibaya. Njiani hupumzika bila kutua: mtu anarudi kinyumenyume, anaegemeza mzigo kwenye ukingo wa barabara, anavuta pumzi, anaendelea. Jioni moja Mama alirudi kutoka shambani, hata mzigo hajautua, akasimama akitazama kiti. Kisha akacheka peke yake. Alichukua gunia la maharage ya mbegu, lile tusiloruhusiwa kuligusa hata kwa njaa, akaliweka kwenye kiti, akalikalia na kujitikisatikisa mpaka maharage yakamkubali. Viwiko vikafika usawa wa mashine. Akachukua mkanda wake wa kubebea, akauzungusha nyuma ya kiuno na kwenye nguzo za kiti, akaufunga kwa kipimo chake. Mgongo ukapata ukingo wa kuegemea. Halafu akainama kunichungulia.

"Masika, toka. Umekuwa mukubwa, utakunjama."

Akasukuma gogo la mkaratusi mahali pangu. Nililia, nakubali, nililia kama nimefukuzwa kwetu. Gogo lenyewe halikuwa na akili yoyote, lilikaa tu.

Ganzi haikuisha kwa siku moja, lakini iliondoka kidogo kidogo, kidole baada ya kidole, na mashine ikarudi kusema. Watu waliokuja na kazi walimkuta amejifunga kwenye kiti, wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mama Kahindo, jirani yetu, alimwambia, "Eh, Mama Masika, sasa unajibeba mwenyewe?" Mama akajibu bila kuacha kuchapa kwamba yeye angalau anajua mzigo wake una kilo ngapi. Sijui msimu ule ulikuwa na urefu gani. Kichwani mwangu ni asubuhi moja tu ndefu, yenye ukungu, Mama juu ya gunia lake kama malkia wa maharage, na kila jioni kabla ya kulala anaondoa gunia, anaondoa gogo, anaingiza kiti chini ya meza vizuri, kama Baba alivyokiacha.

Baba alirudi asubuhi. Hakubisha hodi. Nilimwona mzee mlangoni nikataka kumwita Mama aje ampe maji, na yule mzee akanigusa pua. Alikuwa amekonda, lakini si hilo. Alikuwa amepinda. Mlango uliokuwa ukimlazimisha kuinama aliupita bila kuujali. Mama alikuwa juu ya gunia, amefungwa, hakuweza kusimama upesi, akawa anapambana na mkanda na machozi yanamtoka, na Baba akamwendea akamsaidia kuufungua. Aliushika ule mkanda mkononi muda mrefu. Ndipo tukaona paji lake la uso. Kwetu mkanda ule ni wa wanawake, mwanamume habebi hivyo. Lakini yeye alikuwa na alama yake, mfereji mpana kutoka sikio hadi sikio, mwekundu bado. Kule msituni wenye silaha walimbebesha masanduku yao mpaka uti wa mgongo ukakubali. Hakuwahi kutueleza zaidi. Mama aliweka kiganja chake juu ya alama ile na kukiacha hapo.

Alipokula, akataka meza yake. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka mikono kwenye mashine, na mikono ikamfika kidevuni. Alijaribu kujinyoosha. Nilimwona akijaribu, jasho likamtoka, akatabasamu kama mtu aliyekosea nyumba. Mama alitoka nje. Aliporudi alikuwa na Papa Muhindo, na msumeno alikuwa ameushika yeye mwenyewe.

"Hapana, Mama Masika," alisema Baba. "Usikate. Nitanyooka."

"Ukinyooka, tutaiunga," alisema Mama.

Papa Muhindo akashusha uzi kutoka kwenye kiwiko cha mdogo wake, akafunga fundo jipya. Mama ndiye aliyekata. Yule aliyemkatalia kila mtu wakati Baba hayupo, aliikata Baba akiwa anatazama, mguu baada ya mguu, na unga mwekundu wa libuyu ukamwagika mahali nilipokuwa nikilala. Vile vipande akavifunga kwa ule mkanda wa kubebea na kuvitundika juu ya jiko. Baba alichapa kwenye meza ile miaka mingi, na vita vikaisha, na vingine vikaja. Hakunyooka. Wakati mwingine Mama alimpokea kazi, na kwa kuwa meza sasa ilikuwa fupi, alikaa kwenye kigoda, bila gunia wala gogo, miguu yake yote miwili chini. Alisema haipendi. Alisema imekuwa meza ya watoto.

Siku hizi nafanya kazi ofisini mjini, penye kiti cha magurudumu kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitu pembeni. Alikuja kijana mmoja kutufundisha kukaa: viwiko usawa wa meza, kiuno kiegemee, nyayo zikanyage. Wenzangu waliandika. Mimi niliona aibu kwa sababu macho yangu yalijaa maji na sikuwa na jinsi ya kumweleza mtu kwamba kwetu mambo hayo yote yalipatikana kwa maharage, mkanda na mgongo wa mtoto.

Baba tulimzika mwaka jana. Waliomwosha walifanya kazi ngumu kidogo na polepole, wakamlaza chali. Mama aliitwa kumtazama. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akampima kwa macho, akaenda jikoni na kuvitungua vile vipande vya meza, vyeusi kwa moshi.

"Amenyooka," alimwambia Papa Muhindo. "Sasa unga."

Meza ni yangu sasa. Ina makovu meusi kwenye miguu yote, na imerudi kuwa ndefu. Jumamosi hukaa mbele yake kuandika mambo kama haya, juu ya gunia la maharage, maana nimechukua kimo cha Mama. Gogo sijatafuta. Miguu yangu inaning'inia, na kila nikifika mwisho wa mstari, kisigino kinasukuma kidogo kule chini.