Chinsaga ya Mlangoni

Kwenye simu kuna wale wanaofundisha mapishi rahisi. Dada amevaa aproni safi, anakata kitunguu bila hata chozi, dakika kumi chakula kiko mezani. Sawa, hongera yake. Mimi pishi langu rahisi ni moja na lina vitu vitatu tu: chinsaga, yale majani machungu ambayo mjini huitwa saga, maziwa ya mala, yale yaliyoganda, na chumvi. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, Nyanchera. Halafu nikaja kumfundisha mumewe kupitia ukuta.

Nyanchera tulimzika hapa nyumbani Kiogoro. Wiki iliyofuata nikajifungua msichana, tukampa jina lake, kama ilivyo desturi. Watu walikuja wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao. Mimi nikabaki kitandani nikiangalia mabati. Sikulia mazishini, sikulia leba. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Wakinipa mtoto nambeba, wakimchukua wanamchukua. Yule mama nilimpenda sana, lakini hata hilo nilikuwa nalijua kichwani tu.

Shida ilikuwa maziwa. Hayakuja. Mtoto ananyonya, anaachilia, analia mpaka sauti inakauka. Nesi alitwambia nile, ninywe, nipumzike, na mtoto akizidi kupungua tumpeleke alazwe. Sasa huko kula ndiko kulikonishinda. Persis, jirani yetu tunayesali naye Sabato, alileta mayai, akaleta uji wa wimbi, akaleta ndizi za kupika. Nilikuwa naonja kidogo naweka chini.

"Lorna, unangoja nani akutafunie?" akaniuliza.

"Kama ni kutafuna, meno unayo. Tafuna wewe," nikamjibu. Mdomo wangu hata ganzi haikuuweza.

Kwetu mzazi hulishwa chinsaga, ndiyo huleta maziwa, na mpishi wake ni mama mkwe. Mama yangu mzazi yuko Nyamira na nyonga zake mbovu, hawezi safari. Mume wangu Mose anaendesha lori la majani chai, anatoka giza anarudi giza, na akiingia jikoni kinachoiva ni moshi. Kwa hiyo mpishi hakuwako. Nililala na hilo na wala halikuniuma.

Alhamisi nikasikia sufuria zikigongana katika jiko la Nyanchera, ambalo ukuta wake unakaribia kugusana na wa chumba changu. Nikasikia mtu akipuliza moto na kukohoa. Alikuwa Machogu, baba mkwe wangu, mzee aliyekula chinsaga maisha yake yote bila kuuliza inatoka wapi. Wanaume wa rika lake hawapiki. Na nyumba ya mwanawe aliyeoa haingii kabisa, hiyo tunaiita chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mkaza mwana. Alipomaliza aliweka bakuli kwenye kigoda nje ya mlango wangu, akakohoa tena nijue, akarudi jikoni.

Nilijikokota nikalichukua. Ilikuwa chungu kama kwinini. Mzee alikuwa amechemsha majani na kutia chumvi, basi. Ningeiacha tu pale, lakini nyuma yangu mtoto alianza tena kile kilio chake kilichokauka. Nikaenda nikagonga ukuta.

"Tata," nikasema, kwa maana baba mkwe wangu namwita hivyo, "yale maji ya kwanza humwagwa."

"Yote?"

"Yote. Halafu unatia mala, moto uwe mdogo, inalala humo. Kesho yake unapasha, ndipo inaliwa."

"Miaka hiyo yote nilidhani anaipika asubuhi," akasema. "Mala iko wapi?"

"Kwenye kibuyu chake. Kimetundikwa nyuma ya mlango."

Ijumaa akarudia. Nilimsikia akiharakisha, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na kupika kumekwisha. Asubuhi kigoda kikawa na bakuli jingine, la moto. Nikaonja nikiwa nimesimama pale pale mlangoni.

Ilikuwa ya Nyanchera. Sisemi ilifanana na yake, nasema ilikuwa yake. Ule ukali kidogo, ule moshi wa mbali, yale mafuta yanayobaki mdomoni. Na ndipo nikakumbuka kwa nini. Mala ya kile kibuyu aliiweka yeye kwa mikono yake kabla hajafariki. Na kibuyu cha maziwa hakimalizwi. Unabakisha kidogo chini, unaongeza maziwa mapya juu, yale ya zamani yanayagandisha. Nyanchera alipoolewa alipewa mala na mama mkwe wake, na yule alipewa na wake. Haijawahi kuisha. Hilo sikumwambia mzee, na mwanamume angelijuaje.

Nikagonga ukuta.

"Tata, ulibakisha kidogo kwenye kibuyu?"

"Nilimimina yote," akasema. "Hukusema nibakishe."

Ni kweli sikusema. Niliogopa, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuhisi tangu tumzike.

"Ulikiosha?"

Nikamsikia akiweka sufuria chini.

"Sikukiosha," akasema. "Persis alitaka kukiosha nikamkatalia. Kina harufu yake. Usiku nililala nacho pale kitandani."

Nikaweka paji la uso ukutani.

"Basi ni vizuri, Tata. Ile iliyoshika kwa ndani inatosha. Tia maziwa juu yake, ufunge, usikitikise. Itaganda."

"Itakuwa ile ile?"

"Ile ile."

Nikamsikia akivuta kamasi. Mzee mzima, jikoni kwa mke wake, analia kama wenzake walivyolia mazishini. Na mimi nikalia upande wangu, nikala nikilia, chumvi juu ya chumvi, mpaka kijiko kikakwaruza bakuli. Nilipojiangalia, gauni lilikuwa limelowa kifuani. Nikamchukua Nyanchera wangu nikampa. Alivuta, nikangoja aachilie kama kawaida yake. Hakuachilia. Nikasikia anameza.

Nikagonga ukuta tena.

"Tata," nikasema, "imebaki?"

"Imebaki."

"Naomba uniongezee."