Harusi Mbili za Fundi wa Pampu

Miaka ile mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa na watu wanapunguzwa kazini, kituo chetu cha pampu nje ya mji wa Dodoma kilikuwa na kanuni moja ambayo haikuhitaji kutangazwa: unachokijua, kikalie. Kila mtu alilinda kitumbua chake kisiingie mchanga. Bingwa wa kanuni hiyo alikuwa fundi wetu mkuu. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwasha injini ya dizeli iliyosukuma maji mpaka mtaa wa Miyuji. Mimi, msaidizi wake niliyetoka chuo cha ufundi, sikuwahi kumwona akiiwasha mwanzo hadi mwisho.

Si kwamba sikuwepo. Nilikuwa nimeinama pembeni yake, mikono imejaa grisi. Ila tukifika pale penyewe, alisema, "Binti, hebu kaniletee spana ya kumi na saba." Naenda stoo, natafuta, siioni. Nikirudi, injini inanguruma na spana imechomoza mfukoni mwake! Nilimtukana kimoyomoyo, matusi ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Lakini uchoyo ule ulimfunga mwenyewe. Siku alipomwoza binti yake wa kwanza, kijijini kwao Buigiri, injini ilizima, na Land Rover ya kazini ikaenda kumchukua kabla keki haijakatwa. Kwenye picha zote mkewe amekaa kando ya kiti kitupu.

Binti wa pili alipochumbiwa, mama huyo alikuja kituoni, akasimama mlangoni mbele yetu sote.

"Mzee, safari hii mwanangu anataka baba yake. Mfundishe mtu. La sivyo harusi nzima naileta hapa hapa, wageni wale pilau kwenye dizeli."

"Nikishafundisha, nikapunguzwa, nikamwaga unga, mtakula nini?"

Hakuna aliyecheka, maana hofu ile ilikuwa ya kila mmoja wetu. Ndipo meneja wa kituo akajikohoza.

"Mzee, kosa ni langu. Kila nikiambiwa nipunguze watu, nilikuwa nauliza ni nani tunayeweza kuishi bila yeye. Mkajifunza kuficha. Leo nasema mbele ya wote: anayefundisha mwenzake ndiye nitakayemtetea kwanza."

Fundi hakuonekana kuamini sana. Alimtazama mkewe, kisha akachomoa spana mfukoni, akanipa mimi.

Na jambo lenyewe lilikuwa nini? Hewa tu! Bomba la dizeli lilivuta hewa nyuma ya injini. Usipolegeza nati moja na kuiacha dizeli itoke mpaka mapovu yaishe, utapiga stata hadi betri ife.

"Ndiyo hiyo tu, mzee?"

"Ndiyo hiyo tu," akasema kwa haya, halafu tukacheka mpaka machozi.

Siku ya harusi injini haikutuonea huruma. Ilizima mchana. Nililegeza nati, mapovu yakaisha, nikakaza, nikapiga stata. Ilipowaka nilihisi nimetua gunia la mtama kutoka kichwani. Mwenzangu wa zamu akaniambia, "Nenda ukale pilau, mimi nipo." Nikavaa kitenge changu, nikamwomba dereva wa kituo anipeleke harusini.

Fundi aliiona Land Rover ikisimama nje ya turubai. Aliweka sahani chini, akaanza kuvua koti la suti. Mkewe akageuza uso.

"Shikamoo, mzee."

"Imezima?"

"Ilizima. Nimeiwasha."

"Sasa nani yuko nayo?"

"Mwenzangu wa zamu. Nilimfundisha wiki iliyopita."

Niliogopa kwamba nimemuudhi kwa kuisambaza siri yake. Kisha mabega yake yakashuka.

"Binti," akaanza, na kwa mazoea nikajua natumwa spana, "chukua sahani, ule."

Akavaa koti lake, akaketi. Mkewe alikuwa ameshasimama, anampungia mpiga picha.

"Njoo upige," alisema. "Safari hii yupo."