Muuaji Asiyeripotiwa kwa Balozi

Vitabu nilivyosoma ujanani karibu vyote havikuwa na mwisho. Miaka ile ya uhaba, karatasi nayo ilikuwa bidhaa adimu, na muuza karanga mmoja wa Ngamiani alikuwa akinunua vitabu vikuukuu vya kufungia karanga zake. Alichana kuanzia nyuma, kwa kuwa jalada la mbele lilikuwa na picha, naye alipenda picha. Mimi shule niliiacha darasa la tano na kazi ya kudumu sikuwa nayo, lakini sikuweza kuona maandishi nikayapita. Nikawa nampepetea karanga, naye ananilipa vitabu vilivyobaki.

Ndiyo maana najua mianzo ya mambo mengi. Ufugaji wa nyuki naujua mpaka pale nyuki wanapokasirika. Kitabu cha sheria ya ardhi kiliishia kwenye neno "isipokuwa". Katika cha mapenzi posa ilipelekwa, washenga wakakaribishwa ndani, wakaletewa kahawa. Mpaka leo sijui walijibiwa nini. Cha mapishi nilikisoma huku natafuna muhogo wa kuchemsha usio na chumvi.

Lakini sikuvichagua kwa ladha yangu. Nilivichagua kwa ajili ya mgambo.

Mama mdogo, niliyekuwa nikilala kwake, alikuwa akifua nguo za wakubwa wa Raskazone. Madukani sabuni hakuna. Bila sabuni, mashati yale yangekwenda kwa mfuaji mwingine, na sisi tungekula hewa. Basi nilikuwa navuka mpaka kwa njia za porini, mbali na forodha ya Horohoro, narudi na miche ya sabuni chini ya kikapu cha nazi. Karibu na Moa palikuwa na kamba iliyofungwa kati ya minazi miwili. Hicho ndicho kilichokuwa kizuizi, na mgambo wake alikuwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya serikali na kanzu yake mwenyewe.

Mzee alijua sote tunaopita pale tuna magendo. Kilichomsumbua ni kukaa peke yake na kamba kutwa nzima. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Una nini cha kusoma?" Nikajifunza taratibu. Cha mapishi kilimtia njaa, akapekua vikapu vyote. Cha mapenzi kilimlainisha, akainua kamba mwenyewe na kunipa pole, sijui ya nini. Cha sheria ya ardhi kilimfanya aanze kuuliza ile minazi miwili ni ya nani, na siku hiyo hapakupita mtu mpaka alasiri.

Kisha nikampa cha upelelezi. Nilimwachia nikienda, niliporudi na mzigo, alikuwa amesimama barabarani akinisubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kamuua tajiri?"

"Kurasa zimechanwa, mzee. Zimefungiwa karanga."

"Sijakuuliza karanga. Tajiri kafa mezani kwake. Mpishi yupo, daktari yupo, mpwa wake yupo. Kitabu ni chako. Nani kaua?"

Nikabahatisha. "Daktari."

"Daktari alikuwa safarini! Unamsingizia mtu wa watu."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeshajikusanya. Mama mmoja wa Kipemba akatua madebe yake ya mafuta ya kupikia. "Hebu tusomee na sisi, mjomba. Tushakawia, tukawie kwa faida."

Mzee akasoma, watu wakaketi chini. Alipofika palipochanwa, kesi ikaanza.

"Mpishi hawezi," alisema Mbondei mmoja mwenye tenga la kuku. "Mtu akifa mezani anayeshikwa kwanza ni aliyepika. Atakuwa mjinga kiasi gani?"

"Miye namshika mpwa," alisema yule mama. "Maiti haijapoa, yeye anauliza wosia. Huyo si mpwa, huyo kunguru."

Mikono ikanyooshwa. Mpwa akapatikana na hatia, akapigwa faini. Hapo mtu akauliza atalipa nani, na mshitakiwa hayupo?

Mzee akavua kofia, akafikiri. "Mgeni akikosa kijijini, anaulizwa mwenyeji. Huyu mpwa kaletwa hapa na nani?"

Wote wakanigeukia.

"Ulimripoti kwa balozi wa nyumba kumi?"

"Mzee, huyu ni mtu wa kitabuni!"

"Mgeni ni mgeni. Muda wote uliokuwa ng'ambo kalala kwangu, chini ya mto wangu. Hukuniambia ni muuaji."

"Kweli, mwanangu," alisema yule mama. "Ungesema, watu wangefunga milango."

Kilichoniuma ni kwamba utaratibu wenyewe nilikuwa naujua. Hata shangazi wa mtu akija kulala, balozi huambiwa. Sikuona pa kuupinga.

Faini ilikuwa nusu ya sabuni yangu yote. Mzee aliikata kwa uzi na kuwagawia wazee wa baraza, akiita posho ya kikao. Nami nikapewa kipande, kwa sababu nilikuwa nimenyoosha mkono.

Mama mdogo alitazama ndani ya kikapu kwa muda mrefu. "Nyingine iko wapi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mpishi mlimhoji vizuri?"

Wiki ile alifua kola na makwapa tu. Kwingine kote alinyunyizia maji, akapiga pasi ya mkaa. Tukapeleka mashati Raskazone na kurudi kungoja kufukuzwa. Haikuja lawama. Mkubwa mmoja alituma shukrani kwamba nguo zake siku hizi hazichujuki.

Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, maduka yakajaa sabuni za kila rangi na kamba ya Moa ikafunguliwa. Mama mdogo aliendelea na kola na makwapa. Alisema shati lililokwisha kuzoea hali yake si vizuri kulishtua.