Sensa Yenye Uzi Mwekundu

Gari la baba lilinuka dagaa na petroli, na mpaka leo nikipita mwaloni Katonga wakati dagaa wameanikwa, aibu yangu ya utotoni inarudi yote. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, likipata moto linazima. Baba alikuwa mwalimu aliyejifundisha ufundi mwenyewe. Alisema tatizo ni sensa ya injini, kile kifaa kidogo cha kupima joto, akaagiza nyingine Dar. Ilikuja na basi, iliyotumika, imefanana kabisa na ile mbovu. Ndiyo maana baba, kila alipotoa kifaa kibovu, alikifunga uzi mwekundu wa wavu kisije kikachanganyika na kizima.

Kazi hizo za Jumamosi, uani kwetu Ujiji, zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyempa baba spana, na gari likipona mimi ndiye niliyekaa mbele safari ya kwanza. Kisha akaja Zawadi, mtoto wa shangazi kutoka Kagunga, aliyeletwa kwetu kusoma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye tisa. Sensa ilijificha chini, nyuma ya injini. Mkono wa baba haukupita, wangu ukakwama. "Hebu jaribu wewe, mama," baba akamwambia Zawadi. Mkono wake ukazama mpaka begani. "Ego, mjomba, nimeishika," akaitikia ndiyo kwa Kiha cha kwao, akaitoa. Baba akacheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu, akasema leo Zawadi atakaa mbele.

Niliumia, na sifichi: nilimchukia, yeye na kimkono chake. Walipoingia ndani kunywa chai, nilifungua uzi aliofunga baba kwenye sensa mbovu nikaufunga kwenye nzima. Zawadi akarudi, akaiingiza ileile mbovu, akakaza, akaketi mbele kama bibi harusi. Hata Katonga hatukufika. Gari lilizima njiani tukalisukuma, jasho linatutoka.

Nyumbani Zawadi aliokota ile yenye uzi, akatazama fundo. Kwao ni wavuvi, na baba alifunga fundo la wavuvi. Langu lilikuwa la kamba ya kiatu. Akaniangalia. Nikasubiri kuumbuka. "Nisamehe, mjomba," akasema, "nilizichanganya mimi." Baba alikunja uso, na mwaka mzima hakumwita tena kwenye kazi za gari. Nilirudishiwa kiti changu cha mbele, nikakikalia bila raha, nikimwona Zawadi nyuma kwenye kioo.

Baba hayupo tena. Mwezi uliopita gari langu nalo lilianza kuzima. Fundi alichomeka kimashine chake, kikaonyesha sensa ndiyo mbovu, nikaamua kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Zawadi alikuwa amekuja kututembelea. Mikono yake imenenepa, haipiti popote, ikabidi tutoe kwanza betri na mipira ya maji. Ile mbovu niliifunga uzi kwa mazoea. Akaishika, akaigeuzageuza. "Dada, mpaka leo hujui kufunga fundo," akasema, akalifungua na kulifunga upya, taratibu. Zamani nilimwonea wivu mkono. Siku hiyo nilimwonea wivu moyo, tena wivu mkali kuliko ule wa kwanza, na samahani niliyoibana miaka yote bado nilikuwa nayo. Tulipotoka kulijaribu gari, alishika mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Nikaufunga, nikamfungulia wa mbele.