Ng'ombe wa Kutoboa

Mume wangu alikuwa fundi bati mjini Koboko. Tuliporudi kutoka ukimbizini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, barabara ya Arua haikuwa na alama inayosomeka ya kuonya madereva kuwa ng'ombe huvuka; vumbi jekundu lilikuwa limemeza rangi zote. Yeye akaachana na rangi. Alikata umbo la ng'ombe katika bati akaliondoa lote, ukitazama unaona mbingu upande wa pili. Vumbi likose pa kukaa. Akasimamisha alama hizo kando ya barabara, Abuku na Kuluba, madereva wakapunguza mwendo, na watu wakamshauri aombe hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Tukaenda kwa wakili Arua. Bwana yule hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Alilishika bati lenyewe, akapitisha kidole tumboni mwa ng'ombe, akacheka. Kisha akauliza alama iko wapi, ili aandike dai, yaani maneno yanayoeleza kinacholindwa.

"Alama iko kwa bati," mume wangu akajibu.

Kwetu hiyo "kwa" inabeba juu, ndani, hata kutoboka. Wakili akaandika kwa Kiingereza chake: alama iliyo juu ya uso wa bati. Hakuuliza tena. Alikuwa anawahi chakula.

Hataza tukapewa. Haukupita muda, mkandarasi mmoja wa Arua akaleta ng'ombe wa kutoboa, yuleyule, hadi pembe. Tukalalamika kwenye ofisi ya hataza. Ofisa aliyetusikiliza akasoma dai letu neno kwa neno: juu ya uso maana yake kupakwa au kubandikwa, na tundu haliko juu ya kitu. Nikamwambia atazame bati, si hilo hapo mezani? Akasema kazi yake ni kutazama maneno. Nilitamani kumrushia bati lile usoni, Mungu anisamehe.

Wala hayakuishia hapo. Mkandarasi naye alikuwa ameomba hataza akapewa, na wakili wake alijua kuandika "iliyotobolewa". Tukaamriwa kuondoa alama zetu, eti tunamwiga.

Nilisema tuziache, waje wang'oe wenyewe. Mume wangu hakutaka vijana wa mkandarasi wazikunje.

"Mama watoto, shika ngazi," akasema. "Mimi nafungua pole pole."

Nikaishika. Kule juu alikuwa akifungua nati moja moja. Madereva waliopita walimpigia honi na kumpungia mkono fundi wao, wakidhani anazikaza.